Mzizi au Ukali? Historia ya Neno "Radical"

Katika tafsiri za historia ya Ulaya, neno la Kiingereza "radical" huandikwa mara nyingi "mwenye siasa kali". Tafsiri hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa yaweza kumpotosha msomaji.

Asili ya neno hilo ni Kilatini "radix", yaani mzizi. Liliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 14, na matabibu wa zama hizo walilitumia kutaja unyevu wa asili ambao, kwa imani yao, ulidumisha uhai wa mwili. Wanahisabati walilitumia kwa vipeuo. Na mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier na wenzao walilitia katika istilahi za kemia. Sisi tuliosoma isimu ya Kibantu kwa Kifaransa twalijua pia: -lim- ndiyo "radical" ya kulima, mkulima na kilimo. Katika matumizi hayo yote hamna ukali wowote.

Katika siasa, Charles James Fox alidai mwaka 1797 mageuzi "radical", maana yake yanayoanzia kwenye mzizi wa mambo. Baadaye jina hilo walipewa waliotaka kila mwanamume mzima awe na kura. Tarehe 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika kwa amani Manchester, mji mkubwa ambao haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Wanawake na watoto walikuwamo. Askari wapanda farasi waliwaingilia kwa panga. Watu wasiopungua 15 waliuawa, na mamia walijeruhiwa.

Mwanafunzi akisoma kwamba siku ile walikusanyika "wenye siasa kali", atadhani ukali ulikuwa upande wao, hali panga zilikuwa mikononi mwa askari wa serikali. Tafsiri itakuwa imetoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Ni kweli kwamba siku hizi neno hilo hutumika pia kwa watu wa mrengo mkali, na hapo tafsiri ya kawaida yafaa. Hata hivyo, chama cha Radical kilichoundwa Ufaransa mwaka 1901 kilikuja kuwa chama cha wastani. Kwa hiyo yampasa mfasiri aulize kwanza neno limeandikwa lini, na nani, juu ya nani. Kwa watu wa 1819 twapendekeza "wadai mageuzi ya msingi". Manchester ilipata wabunge wake mwaka 1832.