Barua ya Usimamizi wa Mirathi si Hati ya Umiliki: Mambo ya Kuzingatia kwa Mawakili na Wananchi wa Dar es Salaam

Mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi hapewi mali ya marehemu. Hukabidhiwa kazi ya kuikusanya, kulipa madeni na kuigawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kueleza alivyoitekeleza. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo mjane na watoto wa Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju watabaki katika nyumba waliyoachiwa, ama wataamka siku moja na kukuta imeuzwa na ndugu aliyeaminiwa.

Tangu mwaka 2021 mazingira ya kuendesha mashauri haya yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo, na kufafanua hatua ambazo wakili au mwananchi anayejisimamia hapaswi kuziruka.

Mabadiliko ya mfumo

La kwanza ni kuanzishwa kwa Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Masuala ya Familia, Temeke. Kituo hicho, kilichoanza kazi mwaka 2021, kimeziweka katika jengo moja ngazi tofauti za mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kwa ajili ya mashauri ya mirathi, ndoa na watoto. Kabla ya kuandaa nyaraka, mwombaji anayeishi Kinondoni au wilaya nyingine ya mkoa anashauriwa kuthibitisha na masjala ni wapi shauri lake linapaswa kufunguliwa.

La pili ni lugha. Marekebisho ya Sheria ya Tafsiri za Sheria yaliyofanyika mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale maslahi ya haki yanapohitaji. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu awali. Kwa wakili, maana yake ni kwamba hoja na viapo viandikwe kwa Kiswahili ambacho mteja anakielewa kabla ya kutia saini.

La tatu ni uwakilishi. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kufika katika Mahakama za Mwanzo. Marekebisho ya mwaka 2021 yalifungua mlango huo pale shauri linaposikilizwa na Hakimu Mkazi. Hata hivyo, mwananchi bado anaweza kuendesha shauri lake mwenyewe bila wakili.

La nne ni Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la Mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Namba za vifungu katika sheria kadhaa zimebadilika. Wakili anayenakili maombi ya zamani bila kulinganisha na toleo jipya anaweza kujikuta akitaja kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa.

Mahakama ipi yenye mamlaka

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi pale sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya mipaka ya mahakama hiyo. Taratibu zake zinapatikana katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, pamoja na kanuni zake za mwaka 1971. Mirathi isiyoangukia katika sheria hizo mbili huendeshwa katika mahakama za juu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352.

Dini au kabila la marehemu pekee halitoshi kujibu swali hili. Mahakama huangalia pia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionesha akiwa hai. Mtu aliyezaliwa katika jamii yenye mila za urithi, lakini akaishi mjini maisha yake yote mbali na mila hizo, anaweza asihesabiwe kuwa chini yake. Swali hili lipatiwe jibu kabla ya kulipa ada, kwa sababu uteuzi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka unaweza kubatilishwa baada ya miaka, wakati nyumba imekwisha kupita mikono kadhaa.

Nyaraka na kikao cha ukoo

Maombi huambatana na cheti cha kifo, kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na wosia ikiwa upo. Familia nyingi huleta pia muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo unaisaidia mahakama kuona kwamba wahusika wamekubaliana juu ya anayependekezwa, lakini haumpi mtu mamlaka yoyote juu ya mali. Mamlaka hutoka mahakamani. Mtu anayeuza kiwanja akiwa na muhtasari wa ukoo pekee anauza asichokuwa na uwezo wa kukiuza, na mnunuzi huingia katika hatari hiyo hiyo.

Kwa maombi yanayopelekwa katika mahakama za juu zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo, kanuni zinamtaka mwombaji aeleze sababu ya kuchelewa. Maelezo hayo yasipokuwepo, maombi yana dosari tangu siku ya kufunguliwa.

Baada ya uteuzi

Hapa ndipo mashauri mengi hukwama. Barua ikishatolewa, familia hupeana mikono na wakili hufunga jalada lake, ilhali kazi ya kisheria ndiyo kwanza imeanza.

Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Namba V, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, au katika muda wa nyongeza atakaopewa na mahakama. Baadaye huwasilisha hesabu ya usimamizi kwa Fomu Namba VI. Chini ya Sura ya 352, orodha huwasilishwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kutowasilisha kwa makusudi na bila sababu ya msingi ni miongoni mwa sababu za kutenguliwa kwa uteuzi.

Orodha itenganishe mali ya marehemu na ya mwenza aliye hai. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mali iliyoandikwa kwa majina ya wanandoa wote wawili hudhaniwa kuwa yao kwa hisa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuingiza nyumba nzima katika mirathi kwa sababu tu mume amefariki ni kumnyang'anya mjane kilicho chake kabla mgawo haujaanza.

Kwa ardhi iliyosajiliwa, msimamizi huandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati kwa wadhifa wake huo, kisha umiliki huhamishiwa kwa mrithi au mnunuzi halali. Mgogoro na mtu wa nje juu ya kiwanja cha marehemu hufunguliwa na msimamizi. Mrithi asiyeteuliwa hana sifa ya kushtaki kwa niaba ya mirathi. Ieleweke pia kwamba tangu mwaka 2021 Mabaraza ya Kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, bali hupatanisha.

Pingamizi na rufaa

Mrithi asiyeridhika anaweza kupinga maombi kabla ya uteuzi, au kuomba uteuzi utenguliwe baadaye katika mahakama hiyo hiyo. Asisubiri. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kuwa orodha na hesabu zikishawasilishwa na shauri kufungwa, hakuna uteuzi unaobaki wa kutenguliwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30.

Ushauri kwa mawakili

Wakili anayepokea shauri la mirathi anashauriwa kukubaliana na mteja kwa maandishi kwamba kazi itaishia kwenye kufungwa kwa shauri. Kuandika tarehe za orodha na hesabu katika jalada siku ile ile ya uteuzi. Na kuwafahamisha warithi wote, hata wasio wateja wake, juu ya hatua iliyofikiwa. Pale masilahi ya msimamizi na ya warithi yanapogongana, hawezi kuwatumikia wote.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma wa bure, wakiwemo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika wilaya. Mrithi yeyote anaweza pia kwenda masjala na namba ya shauri, akauliza swali moja: orodha ya mali imewasilishwa lini? Ikiwa muda umepita na haijawasilishwa, ana haki ya kuiomba mahakama imwite msimamizi ajieleze.