Mchezo wa Mkononi: Je, Ni Simu Iliyoua Mashine?

Katika mazungumzo ya wanafunzi wa zamani mwaka huu limezuka swali ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana la kitoto, lakini ukilitazama vizuri ni swali la historia. Je, ni kweli kwamba simu ndiyo iliyoua zile mashine ndogo za michezo zilizokuwa zikishikwa mkononi? Ndugu zetu waliokaa Ulaya na Marekani hujibu ndiyo bila kusita. Vijana waliomo madarasani sasa hawajui hata mashine zenyewe zilikuwa kitu gani. Mimi nasema kwamba jibu la Tokyo na Chicago si lazima liwe jibu la Musoma, Bunda na Butiama, wala la sisi tuliotoka Kiriba.

Tuanze na hao wengine. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Karibu karne moja baadaye ilikuwa na fundi mmoja aitwaye Gunpei Yokoi, ambaye yasemekana alimwona abiria katika treni akiua wakati kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Hapo akapata wazo la mchezo mdogo wa kutia mfukoni, na mwaka 1980 mashine zake za kwanza zikatoka, zenye mchezo na saa pamoja. Mwaka 1989 ikafuata Game Boy, mashine ambayo mtumiaji aliweza kuibadilisha michezo. Yokoi aliamini kutumia vifaa vilivyokwisha zoeleka na kushuka bei kuliko kukimbilia vipya. Ndiyo maana Game Boy haikuwa na rangi, na ilitumia betri nne ndogo kwa saa nyingi. Washindani wake Atari na Sega walitoa mashine za rangi zilizopendeza macho, lakini zilihitaji betri sita na kuzimaliza katika saa chache. Wakashindwa. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Baadaye ndipo simu ikaingia. Simu ya Apple ilitoka mwaka 2007, na mwaka 2008 likafunguliwa duka lake la programu, ambamo mtu aliweza kupata mchezo kwa bei ndogo sana au bure kabisa. Mwaka 2011 Nintendo walitoa mashine mpya kwa dola 250 za Marekani, na kabla miezi sita haijaisha wakalazimika kuishusha hadi dola 170. Sony nao walitoa mashine ya Vita mwishoni mwa mwaka huohuo, wakaacha kuitengeneza mwaka 2019. Basi wenzetu wana haki ya kusema waliyoyaona.

Sasa tuitazame nchi yetu katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Leo vijana hucheka wakisikia hivyo, lakini fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwenye fedha adimu huanza na dawa na vipuri. Mwaka 1980, Yokoi alipotoa mashine yake, sisi tulikuwa tumetoka juzi tu katika vita vya Kagera, na wazazi wetu walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni. Hakuna duka la ushirika ambalo lingeagiza mchezo wa Kijapani. Milango ilianza kulegea mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao nje waliporuhusiwa kuleta bidhaa, na ikafunguka zaidi wakati wa Rais Mwinyi. Televisheni yenyewe ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994.

Kwa hiyo Game Boy haikufika kwetu. Kilichofika, katika miaka ya 1990, kilikuwa ni kidude cha plastiki kutoka China ambacho sisi tulikiita gemu tu. Wanafunzi wa rika langu watakikumbuka: kioo cha kijivu, vitufe vya mpira, matofali yanayoshuka kutoka juu na wewe unayapanga mistari ijae na kufutika. Usoni kiliandikwa kwamba kina michezo 9999. Ilikuwa michezo michache tu iliyorudiwa kwa mwendo tofauti, lakini nani bwenini angeihesabu? Mchezo wa matofali ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, na ndio huohuo uliouzwa pamoja na Game Boy huko Marekani. Hivyo mtoto wa Chicago na mtoto wa Kiriba walicheza mchezo mmoja. Tofauti ni kwamba yeye alijua nani kaitengeneza mashine yake, nasi hatukujua, wala hatukuuliza.

Mwaka 1997, tulipokuwa Kidato cha Pili, bweni letu lilikuwa na gemu moja. Sheria yake haikuandikwa popote, lakini ilifuatwa kuliko zile zilizobandikwa ukutani: ukishindwa, unampa aliye karibu nawe. Kwa namna hiyo kifaa cha mtu mmoja kilichezwa na vijana thelathini. Tatizo lilikuwa betri. Betri mbili ndogo zilikuwa gharama, na zilipodhoofika zilianikwa juani, zikang'atwa, zikarudishwa, na zikatoa matofali mengine machache kabla ya kufa kabisa. Betri zikiisha, mchezo umeisha, na watu wanarudi kwenye madaftari au kwenye usingizi.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 na Mobitel, lakini kwa muda mrefu zilikuwa chombo cha matajiri wa Dar es Salaam. Zilienea baada ya mwaka 2000. Na hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu: simu haikuja Mara kwa ajili ya mchezo. Ilikuja kwa sababu mvuvi alitaka kujua bei ya sangara na dagaa kabla hajaupeleka mtumbwi wake, na kwa sababu mtoto aliye mjini alitaka kumsalimu mama yake. Mwaka 2008 ikaongezeka M-Pesa, na fedha zikawa zinapita katika simu. Hakuna mzee wa Kiriba ambaye angeuza mbuzi ili mwanawe anunuliwe mashine ya kuchezea. Kwa simu, mbuzi aliuzwa. Mchezo ulikuwa umejificha ndani yake, ukaingia nyumbani bila kulipiwa nauli.

Wa kwanza kujulikana ni ule wa nyoka, uliotungwa na Taneli Armanto na kuwekwa katika Nokia ya mwaka 1997. Lakini nataka kukaa kidogo kwenye Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000. Pamoja na nyoka, simu hiyo ilikuwa na mchezo ulioitwa Bantumi, wenye mashimo sita kila upande, ghala moja kwa kila mchezaji, na kete za kusambaza shimo kwa shimo. Mtu yeyote aliyekua huku angeutambua: ni jamaa wa bao. Wafini walituletea bao mfukoni, na wengi wetu tulilipita tukimkimbilia nyoka!

Nimelipima na bao lenyewe, lile lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo Mwalimu Nyerere alilipenda na kulicheza na wazee wenzake Butiama. Bantumi ni rahisi mno. Mtu wa bao angelichoka kabla chai haijapoa. Pia mpinzani wako ni mashine, na mashine haina majigambo wala watazamaji wa kuizomea.

Mashine kubwa za michezo nazo zilipata nafasi, lakini mjini, katika vibanda ambamo vijana hulipa kwa kila mechi ya mpira mbele ya televisheni. Hizo si za mkononi, wala si mali ya anayecheza.

Simu za kupangusa zilipokuwa rahisi, baada ya mwaka 2010, zilikuta uwanja mtupu. Hazikuua chochote hapa isipokuwa kile kidude cha matofali, nacho kilikuwa kimekwisha jichokea. Hilo ndilo jibu langu kwa ndugu zetu wa ng'ambo. Hata huko kwao maiti imefufuka: Nintendo walitoa Switch mwaka 2017, ikapita milioni 150, na nyingine ikafuata Juni 2025.

Hata hivyo, vijana, msidhani mmepata kile tulichokuwa nacho sisi, tena bure. Gemu letu lilinunuliwa mara moja, na aliyeliuza hakuwa na haja nasi tena. Mchezo wa simu huingia bila bei, kisha huuza polepole. Tazama Candy Crush, iliyofika kwenye simu mwaka 2012: unapewa roho tano, zikiisha unangoja nusu saa kwa kila moja au unalipa. Bando nalo linakatika. Wala huwezi kumpa jirani simu yako akicheze kitanda kizima, maana mna fedha zako na siri zako. Katika kupima mambo mawili haya mimi naegemea kidude, ingawa najua hakina picha nzuri na kilipiga kelele kama chiriku.

Kwa kuwa siku ya mkutano wetu tutaweka meza ya vitu vya kale vya shule, natoa ombi. Mwenye gemu la matofali, hata likiwa bovu, au Nokia 3310, au ubao wa bao uliowahi kuchezewa bwenini, aulete. Betri mbili nitanunua mimi.