Mtoto wa Kati

Katika ukoo wetu kuna sentensi inayorudiwa kwenye kila msiba na kila kipaimara: Mzee alirudi Burma akafungua shamba. Mzee ni babu wa baba yangu. Sentensi yenyewe ni fupi, lakini imebeba vita na ardhi kama vile ni kitu kimoja. Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia nilibaki na neno "akafungua". Ardhi ya Kilimanjaro mwaka 1946 haikuwa mlango ambao kila mpita njia angeweza kuusukuma.

Jibu linaanzia kwenye urithi. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba, na wa mwisho hubaki na nyumba ya mama pamoja na migomba iliyoizunguka. Wa kati hujitafutia. Zamani hilo halikuwa balaa. Kijana alikwenda kwa Mangi na mbege yake, akaonyeshwa pori, akapanda masale kuweka mpaka, akaomba zamu ya maji ya mfongo, na baada ya miaka michache naye akawa mtu mwenye migomba.

Mzee alizaliwa wa tatu kati ya watano, Old Moshi, wakati pori hilo lilikuwa linakwisha. Juu kulikuwa na msitu wa hifadhi, chini mashamba ya walowezi. Katikati, kwenye ukanda mwembamba, kulikuwa na kahawa. Wakulima wa Kichagga walikuwa wameunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wake, huku walowezi wakilalamika kwamba Mwafrika hapaswi kulima zao hilo. Mwaka 1933 ikaja KNCU. Tumezoea kuisimulia habari hii kama ushindi, na ulikuwa ushindi kweli. Wenzetu wa Kenya walinyimwa kahawa kwa miaka mingi zaidi. Lakini mkahawa si mahindi. Unasubiri miaka mitatu au minne ndipo uanze kuzaa, kisha unakaa hapo miongo. Mwenye kihamba chenye mikahawa hamwachii mdogo wake hata kona. Zao lililowapa wakubwa mabati na ada za shule ndilo lililombana mtoto wa kati, na sijaona hilo likisemwa kwenye hotuba yoyote ya ushirika.

Kwa hiyo akaenda jeshini. Tanganyika ilitoa zaidi ya watu 80,000 katika Vita vya Pili, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Mzee, kwa masimulizi ya nyumbani, alijipeleka mwenyewe. Babu yangu, mwanawe, hana picha wala karatasi ya baba yake. Anakumbuka namba moja tu iliyokuwa ikitajwa: 36.

Namba hiyo inatosha. Batalioni ya 36 ya KAR ilikuwa ya Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, Burma, katikati ya mvua za masika ya huko, barabara zikiwa tope tupu, malaria ikiangusha watu pamoja na risasi za Wajapani. Desemba ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Majina ya waliokufa bila kaburi linalojulikana yamechongwa kwenye mnara wa Rangoon, pamoja na ya wenzao wa India na Uingereza, jumla kama 27,000.

Walionusurika walirudi kwenye mlima uliokuwa unapimwa upya. Mwaka huohuo wa 1946 Jaji Mark Wilson alikuwa akichunguza mgawanyo wa ardhi ya Arusha na Moshi. Mapendekezo yake ndiyo yaliyozaa kufukuzwa kwa Wameru kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, na safari ya Japhet Kirilo kwenda Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi hapahapa Moshi.

Upande wa magharibi wa mlima, askari wa zamani Waingereza walipata mashamba makubwa ya ngano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika huko Derek Bryceson, rubani wa kivita aliyejeruhiwa vibaya, akitembea kwa shida. Simchukii Bryceson. Alisimama na TANU, akawa waziri, baadaye akaongoza hifadhi za taifa hadi alipougua na kufa mwaka 1980. Ila vita ni vilevile na mlima ni uleule. Mmoja alipata mashamba ya kukodi kwa serikali, mwingine alipata kiinua mgongo kilichomtosha jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Na jembe hilo alilipeleka wapi? Chini, tambarare, upande wa kuelekea Kahe, ambako watu wa mlimani walikuwa hawapendi kulala kwa sababu ya mbu. Babu husema baba yake hakuogopa homa za chini kwani alikwisha kuugua zote Burma. Hapo ndipo nilipodhani nimeipata maana ya "akafungua".

Kisha nikamuuliza shangazi yake baba, binti wa Mzee, aliye na miaka themanini na kitu na anayeishi nasi Soweto. Akacheka. "Mjukuu wangu, alifungua nini? Alikuta mahindi."

Mkewe ndiye aliyetangulia. Mume akiwa vitani, hana kihamba, na hela ya askari inayokatwa kuja nyumbani ikichelewa, alishuka na mtoto mgongoni na jembe la mkono. Haikuwa ajabu. Wanawake wa Kichagga walikuwa wakishuka tambarare kulima na kukata majani ya ng'ombe vizazi kabla yake, na kupanda tena jioni na mizigo kichwani. Alichoongeza yeye ni kubaki. Alijenga kibanda, akafyeka visiki, akawa anapanda mlimani siku ya kanisa tu.

Mambo haya sasa yana uzito usio wa kitaaluma. Shamba linapimwa ili lipate hati, na wajomba na baba wadogo wanataka ligawiwe kwa wanaume "kama Mzee alivyolifungua". Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume, ila kikao cha ukoo hakifunguliwi kwa kusoma sheria. Kinafunguliwa kwa sala na ile sentensi.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya ukatibu. Shangazi alisubiri sala iishe, akaniambia niandike jina la mama yake juu kabisa ya muhtasari, kabla ya la baba yake. Nimeliandika. Kikao kiliahirishwa hadi Desemba, watu wa Dar watakapopanda.