Hadithi 4 fupi za kisayansi za kusoma wikiendi hii (ya mwisho ilinipandisha basi)

Leo tupumzike kidogo na habari za nani kaachana na nani. Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Admin, tusome nini?" Haya, nina hadithi 4 fupi za kubuni za kisayansi. Unaweza kusoma moja kwa kikao kimoja, kitandani au kwenye foleni ya Mbagala.

Zamani nilidhani walioandika vitu hivi walikuwa kama manabii, wanakaa tu wanatabiri maroboti. Nilivyofuatilia historia zao nikakuta kitu kingine. Hawakuwa wanapiga ramli. Kila mmoja alikuwa na jambo linalomkera hapo hapo alipo, siku zile zile, akalipeleka kwenye dunia ya kubuni ili apate pa kulisemea.

1. Sultana's Dream (1905)

Kuna mdada mmoja wa Bengal, enzi za ukoloni wa Mwingereza kule India. Kwao binti hakupelekwa shule, na wanawake walikaa ndani, nyuma ya pazia. Kiingereza alifundishwa nyumbani na kaka yake. Siku moja mumewe kasafiri kikazi, yeye kabaki peke yake, akaandika hadithi ya kupitishia muda. Jina lake Rokeya Sakhawat Hossain, na hadithi ilitoka kwenye jarida la wanawake la mji wa Madras.

Humo mambo yamegeuka. Wanaume ndio wanafungiwa ndani, wanawake wanaendesha nchi. Wanavuna maji mawinguni, wanapikia joto la jua, wanasafiri kwa gari la kuruka. Jeshi la adui lilipokuja, wakalimulika kwa joto la jua, likatimua mbio. Mumewe aliporudi aliisoma yote akiwa amesimama, akaona mke wake kalipiza kisasi kikali!

Utacheka, lakini swali linabaki: kama kumfungia mwanaume ndani ni kichekesho, kwa nini kumfungia mwanamke ilikuwa kawaida? Na Rokeya hakuishia kuota. Mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta.

2. The Comet (1920)

Hii ni ya W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani ambaye baadaye alihamia Ghana, akafia Accra mwaka 1963 akiwa na miaka 95.

Jim ni tarishi wa benki New York. Anatumwa chini kabisa kwenye vyumba vya kuhifadhia nyaraka, kazi ambayo wakubwa hawaitaki. Akiwa huko, nyota yenye mkia inapita na gesi yake inaua watu juu. Anapanda, anakuta mji kimya, maiti kila kona. Mtu anayemkuta hai ni mwanamke wa Kizungu, tajiri, ambaye jana yake asingemtazama mara mbili.

Wakibaki wawili tu, ubaguzi nao unakufa? Mwisho siwaambii, ila ujue mwaka 1919 miji kadhaa ya Marekani ilikuwa na ghasia za kushambulia watu weusi. Nyota aliibuni. Hofu ya Jim hakuibuni.

3. A Logic Named Joe (1946)

Februari 1946 Wamarekani walionesha hadharani kompyuta yao iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 30, imejaza chumba kizima. Mwezi uliofuata ikatoka hadithi ya Murray Leinster. Ndani yake kila nyumba ina kimashine chenye skrini na vitufe, kimeunganishwa na ghala kubwa la taarifa. Unaangalia hali ya hewa, unaongea na watu, watoto wanafanyia homuweki. Umeshaelewa naongelea nini, eti?

Sasa kimoja, Joe, kinatoka kiwandani na kasoro ndogo: kinajibu swali lolote. Mtu anauliza namna ya kumwondoa mke wake, anapewa maelekezo. Joe hana chuki na yeyote, anataka tu kusaidia. Na anayesimulia si profesa, ni fundi. Kumbuka mabomu ya atomiki yalikuwa yameangushwa Japani miezi 7 tu nyuma. Dunia ilikuwa imeona ujuzi unaweza kufanya nini ukiwa mkononi mwa watu.

4. The Machine Stops (1909)

Hii nimeiacha mwisho makusudi, na ndiyo ndefu kuliko zote. Mwandishi ni Mwingereza, E. M. Forster. Alikuwa anamjibu mwenzake H. G. Wells, ambaye aliandika kuhusu dunia nzuri zitakazojengwa na sayansi.

Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mtu na chumba chake kama tundu la sega la nyuki. Kuna kitufe cha chakula, cha muziki, cha kitanda. Wanaongea kwa kisahani kinachoonesha sura ya mwenzako. Mwaka 1909, hata televisheni hakuna!

Inaanza na kijana anampigia mama yake aliye upande mwingine wa dunia. Anamwomba aje, anataka kumwona bila mashine katikati. Mama haelewi. Si wanaonana hapo hapo?

Hapo nikaweka simu chini. Kwangu ni kinyume. Mama yangu yuko Muheza. Kila akipiga ananiambia, "Njoo basi nikuone, mwanangu." Na mimi jibu langu lile lile: "Mama, si tunaonana hapa kwa video?" Mwaka wa pili huo sijaenda, wakati basi la asubuhi linakufikisha mchana.

Ijumaa nikapanda basi. Nilipobisha hodi alikuja kufungua mwenyewe, taratibu, kashika mkongojo. Nikasahau hata kumwamkia. Miezi yote ile kwenye simu nilikuwa naona uso tu. Sikujua mguu unamsumbua, na yeye hakusema, asinipe mawazo. Mzee yule wa 1909 alikuwa ananisema mimi.

Basi wadau, tatu zile za kabla ya 1921 zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Kiingereza changu cha kidato cha nne kimezimudu, kamusi pembeni, kwa hiyo usijitishe.

Niambieni hapo chini: ungeandika hadithi yako leo, kero gani ungeitoa mtaani kwako ukaipeleka mwaka 2100? Ila kama mama yako alishakuambia "njoo nikuone", kakate tiketi kwanza. Mengine yatasubiri.