Somo la Redio: Habari za Nguo ya Mtoto Mchanga

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya nguo anayofunikwa mtoto mchanga, na sababu ya watu kuitoa kuwa zawadi.

Tuanze na milima yetu. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji wa Morogoro, kina urefu wa mita 2,138, na Kimhandu chapita mita 2,600. Aliye mjini aweza kulala bila shuka, na usiku huohuo mwenzake wa Mgeta hutafuta blanketi. Mtoto mchanga hawezi kushindana na baridi kama mtu mzima. Mwili wake ni mdogo, joto lamtoka upesi, hasa akiwa hajakaushwa. Akipoa sana hunyonya kwa udhaifu, naye aweza kufa. Basi nguo yake si pambo.

Zamani nguo zilitoka wapi? Nyingi zililetwa na misafara kutoka pwani. Katika miaka ya 1830 merikebu za Marekani zilikuwa zikileta Unguja nguo za pamba, nazo zikaitwa merikani kwa jina la nchi zilikotoka. Kutoka Bara Hindi ilikuja kaniki. Mwaka 1871 Henry Stanley alipita Simbamwene, mji wa Kisabengo, karibu na Morogoro ya leo. Wakati huo binti wa Kisabengo ndiye aliyetawala. Stanley alikuja na mizigo ya nguo, shanga na waya, maana huku bara vitu hivyo ndivyo vilivyonunua chakula na kulipa hongo. Nguo ilipimwa kwa doti, yaani yadi 4. Hata leo kanga mbili huitwa doti.

Kwa hiyo kumpa mtu nguo kulikuwa kumpa mali. Katika desturi za pwani bwana arusi alitoa mkaja na ubeleko kwa mama wa bibi arusi. Mkaja ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kuzaa. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto. Maana yake ni kumshukuru mama kwa uchungu na ulezi wake. Nao Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama: kila mtoto azaliwaye auongeza ukoo wa mama yake. Mkono mtupu haulambwi, wasema wazee.

Sasa tuangalie kufuma kwa sindano yenye kulabu, yaani kroshia. Wengine hudhani ni kazi ya mabibi wa Ulaya wasio na shughuli. Si kweli. Njaa kuu ilipoingia Ireland, mwaka 1845 hata 1849, viazi vilioza mashambani na watu wapatao milioni moja walikufa. Wanawake maskini walifuma vitambaa na kuviuza ili wapate chakula. Kwetu kazi hii ilienea kwa shule za misheni na, katika miaka ya 1950, kwa vikundi vya akina mama. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilikuwa imekwisha kurahisisha safari ya bidhaa kutoka pwani.

Mkitaka kufuma blanketi la zawadi, chagueni uzi laini. Fumeni mnyororo wa sentimeta 75, kisha rudini mstari kwa mstari mpaka urefu ufike sentimeta 90. Hesabuni mishono ya kila mstari, ili kingo zisipinde. Msiache matundu makubwa, maana vidole vya mtoto hunasa. Lifueni kabla ya kulitoa.

Lakini kumbukeni: mtoto akizaliwa, kwanza akaushwe, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ndipo wafunikwe pamoja. Uso wa mtoto usifunikwe. Blanketi husaidia joto la mama. Haliwezi kushika nafasi yake.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini nguo ilikuwa mali katika safari za zamani?
2. Mkaja na mbeleko ni nini? Kwenu hutolewa zawadi gani mtoto azaliwapo?
3. Andikeni sentensi tatu juu ya kumkinga mtoto mchanga na baridi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.