Beit al-Ajaib: nani alipie paa?

Siku ya Krismasi ya 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki. Jumba lilikuwa katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman, uliotajwa kuwa wa dola milioni 5.9. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ambaye hata miezi miwili madarakani hakuwa ametimiza, aliagiza uchunguzi, na mjadala wa mitaani ukawa mmoja tu: mkandarasi kakosea wapi? Wasanifu majengo wana swali la zamani zaidi, nani alipie matengenezo, na limekaa kwenye makabrasha ya serikali kwa miongo minne.

Historia ya jumba lenyewe inajulikana. Sultan Barghash alilijenga 1883, likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliangusha majumba jirani, lenyewe likabaki. Baadaye likawa ofisi za wakoloni, kisha mali ya serikali ya Mapinduzi, na mwisho makumbusho, ambamo wageni walikuta mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Kisichosimuliwa sana ni habari ya fedha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilirithi nyumba nyingi za Mji Mkongwe, mtaa wa kale lilipo jumba hili, ambazo wenyewe walikuwa wamehama au wamenyang'anywa. Familia zikahamishiwa humo, chumba kwa chumba, kwa kodi ndogo mno. Si kwamba fedha za ujenzi hazikuwepo: ng'ambo ya pili, Michenzani, serikali ilikuwa ikipandisha maghorofa marefu kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ilichagua jipya, na kwa mtu aliyetoka kwenye kibanda cha udongo uchaguzi ule ulikuwa na haki yake.

Lakini nyumba ya mawe haisubiri siasa. Mwaka 1982 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikagua hali ya mji, na 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Miaka michache baadaye akaja Francesco Siravo, msanifu kutoka Italia, akilipwa na taasisi ya Aga Khan. Timu yake ilipita nyumba kwa nyumba, majengo yapatayo 1,700, ikiandika lipi lina ufa na lipi limeezekwa vibaya. Mpango wake ulikamilika 1994. Ukiusoma leo, pamoja na kitabu alichokihariri Profesa Abdul Sheriff mwaka mmoja baadaye kuhusu historia na uhifadhi wa mji huu, utaona kwamba mzigo mkubwa wa kazi unaotajwa humo ni matengenezo ya kawaida, yale yasiyokatiwa utepe.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta huo hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Mfereji wa bati ukiziba, au choo cha ghorofani kikivuja, maji hushuka ndani ya ukuta hadi pale kichwa cha boriti kilipozama. Ncha huoza humo ndani huku boriti ukiitazama kutoka chumbani bado ni nzima. Ikikatika, sakafu hushuka, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu hiyo hauna tena cha kuushika. Mwenye nyumba, kwa nia njema, humwita fundi apige plasta ya saruji. Saruji ni ngumu, inang'aa, na fundi wake yupo kila mtaa. Nayo huufungia unyevu ndani. Chokaa inataka kuchomwa, kuloweshwa na kusubiriwa, na inataka mtu wa kuilipia kila baada ya miaka michache. Wasanifu wakisema chokaa, anayeshika fedha husikia gharama isiyo na mwisho.

Basi jibu likawa lile lile kila mara: tafuteni mfadhili. Nyumba kadhaa za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzikarabati. Taasisi ya Aga Khan ilifufua Zahanati Kongwe, na mwaka 2009 bustani ya Forodhani. UNESCO iliuingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, heshima kubwa isiyokuja na fungu la kuziba paa. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka 2012, makumbusho yakafungwa, na ikapita miaka mingi hadi Oman, nchi ya asili ya ukoo wa Barghash, ilipokubali kulipia jumba la Barghash. Mimi naona aibu kidogo hapo, ingawa Wazanzibari wengine wanaona udugu tu.

Mfadhili hulipia jengo maarufu mara moja, akaondoka. Hakuna balozi atakayekuja kuzibua mifereji ya mtaa wa Malindi kila kabla ya masika. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipa dola 44 za bima. Dola moja kama hiyo kwa kila mgeni, ikitengwa kisheria kwa ajili ya chokaa, boriti na mifereji, haihitaji mkataba na nchi yoyote. Inahitaji kifungu kimoja tu mbele ya Baraza la Wawakilishi.