Kuikomboa Swichi ya Ukutani

Kuwasha taa bila kuinuka kwenye kiti si jambo lililoletwa na intaneti. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya Pico Electronics, mjini Glenrothes huko Uskoti, ilianza kubuni namna ya kutuma amri kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani. Ulikuwa mradi wao wa kumi, ukaitwa X10. Kila mkondo wa umeme ulipofika sifuri, kifaa kimoja kilirusha ishara fupi ya kilohezi 120, na kingine chumba cha pili kikaisoma. Herufi 16 na namba 16 zilitosha kutoa anwani 256 ndani ya nyumba moja. Mwaka 1978 vifaa hivyo vilikuwa vinauzwa Marekani katika maduka ya Radio Shack na Sears.

Havikuwa vya kutegemewa sana. Injini ya jokofu iliweza kuimeza amri, na mara nyingine ishara ilivuja hadi kwa jirani mliyechangia transfoma, naye akashangaa taa yake ikizimika. Lakini huko kwa jirani ndiko mbali kabisa amri ilikoweza kufika. Hakuna ofisi yoyote iliyohitaji kujua kwamba mtu kawasha taa ya jikoni.

Mambo yaligeuka simu janja zilipoenea. Kampuni zilizoingia kwenye biashara ya swichi za Wi-Fi mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilikuwa na tatizo la kweli: mteja yuko kazini, anataka kuzima taa ya nyumbani, na ruta yake imetengenezwa isimruhusu mtu wa nje kuingia hovyo. Njia rahisi ilikuwa kuifanya swichi yenyewe ipige hodi kwenye seva ya kampuni na kukaa hewani muda wote ikisubiri kuambiwa la kufanya. Mteja akapakua programu ya simu, akajisajili kwa barua pepe, taa ikawaka, akafurahi. Asichokiona ni kwamba hata akiwa amekaa sebuleni, amri yake ilitoka kwenye simu, ikapita kwenye ruta, pengine ikavuka bahari hadi kwenye seva, kisha ikarudi kuwasha balbu iliyo mita mbili kutoka alipoketi. Kampuni nayo ikajua nyumba ile huamka saa ngapi na hulala saa ngapi.

Ubaya wa mpango huo ulidhihirika tarehe 15 Mei 2016. Kampuni ya Revolv, ya Boulder katika jimbo la Colorado, ilikuwa imeuza kisanduku chekundu cha kuunganisha taa, kufuli na vifaa vingine vya nyumbani kwa takriban dola 300, pamoja na ahadi ya huduma ya maisha. Oktoba 2014 ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa chini ya Google, na mauzo yakasimama. Siku ile ya Mei seva zilizimwa, na visanduku vizima, visivyo na hitilafu yoyote, vikawa havina kazi. Maisha yaliyotajwa kwenye ahadi yalikuwa ya seva.

Haikuwa mara ya mwisho. Duka kubwa la Lowe's liliufunga mfumo wake wa Iris tarehe 31 Machi 2019. Mwaka uliofuata, kampuni ya Wink iliwatangazia wateja ambao hawakuwa wakilipa ada yoyote kwamba sasa watalipa dola 4.99 kila mwezi, la sivyo watapoteza huduma.

Dawa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Espressif ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Teo Swee Ann, mzaliwa wa Singapuri, ilikuwa na chipu ndogo ya Wi-Fi iitwayo ESP8266. Mwaka 2014 ilianza kuonekana mtandaoni kwenye kibao cha bei ya chini kilichouzwa kama nyongeza tu, kitu cha kuipa kompyuta ndogo nyingine uwezo wa Wi-Fi. Maelezo yake yalikuwa ya Kichina. Wapenda elektroniki wa Ulaya na Marekani waliyatafsiri, wakagundua kwamba ile "nyongeza" ilikuwa kompyuta kamili ya biti 32 inayokimbia kwa megahezi 80. Espressif ingeweza kukasirika. Badala yake, Oktoba 2014 ilitoa zana za kuiandikia programu, na mwaka 2015 chipu hiyo ikawa inaandikiwa kwa njia ya Arduino, ambayo hata wanafunzi wa sekondari waliifahamu. Uamuzi huo, kuliko ujanja wa mdukuzi yeyote, ndio ulioamua yaliyofuata.

ITEAD, kampuni ya Shenzhen, iliichukua chipu hiyo, ikaiweka pamoja na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampea 10 ndani ya kisanduku cheupe cha plastiki, ikakiita Sonoff na kukiuza kwa takriban dola 5. Kiwandani kiliwekewa programu iliyotii seva za eWeLink peke yake. Mholanzi Theo Arends hakuridhika. Mwaka 2016 alianza kuandika programu mbadala na kuiweka wazi ili kila mtu aichukue, aisome na kuirekebisha. Leo inajulikana kwa jina la Tasmota.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Kifuniko cha Sonoff hubanduliwa kwa bisibisi bapa. Juu ya ubao kuna matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja, yaliyoachwa na watengenezaji kwa ajili ya majaribio ya kiwandani: moja la volti 3.3, moja la kupokea, moja la kutuma, moja la ardhi. Fundi hulehemu pini kwenye matundu hayo, au mwenye haraka huzibana tu kwa kidole, kisha huziunganisha na kibadilishi cha USB cha bei ya chai, akikumbuka kupishanisha: kutuma kwa kupokea, kupokea kwa kutuma. Halafu hushikilia kitufe cha kisanduku huku akichomeka USB kwenye kompyuta. Kitufe hicho kimeungwa kwenye mguu wa chipu unaokaguliwa kila inapoamka, na ikiukuta umebanwa, hujua imeitwa kupokea programu mpya. Muda wote huo kisanduku hakitakiwi kuguswa na waya wa umeme wa nyumba. Volti 230 hazina masihara, na waliopuuza sharti hilo wameunguza kompyuta, kama bahati ilikuwa yao.

Kikifungwa tena, kisanduku hurusha Wi-Fi yake chenyewe. Mwenye nyumba huingia, hufungua anwani 192.168.4.1, huandika jina na neno la siri la mtandao wake, basi. Kuanzia hapo swichi humtii yeyote aliye ndani ya mtandao wa nyumba ile, hata ruta ikiwa imechomolewa waya wa nje.

Lugha ambayo Tasmota huitumia kuzungumza na vifaa vingine nayo ina asili yake. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Huko kila baiti ililipiwa, kwa hiyo ujumbe ulipaswa kuwa mfupi na wenye kuvumilia mawasiliano ya kukatika-katika. Miaka kumi na tano na zaidi baadaye, ufupi huohuo ulizifaa swichi za dola tano.

Kuifungua Sonoff kulikuwa kwepesi kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzuia. Tuya ilikuwa habari nyingine. Kampuni hii ya Hangzhou huwapa watengenezaji wengine moduli na seva, nao hubandika majina yao, hivi kwamba soketi mbili zenye chapa tofauti kwenye rafu moja zinaweza kuwa zote zinaripoti kwa Tuya. Nyingi zilikuwa zimegundishwa, na kuzifungua ni kuzivunja. Desemba 2018, kwenye mkutano wa wadukuzi wa 35C3 mjini Leipzig, Ujerumani, Michael Steigerwald wa kampuni ya VTRUST alionyesha njia isiyohitaji bisibisi. Kompyuta hujifanya ruta, kisha hujifanya seva ya Tuya, na kuiambia soketi kwamba kuna toleo jipya la programu. Soketi, bila kuhakikisha inaongea na nani, hulipakua na kujisakinishia. Alionyesha pia kwamba neno la siri la Wi-Fi ya mwenye nyumba lilikuwa limehifadhiwa ndani ya kifaa bila kufichwa. Zana iliyozaliwa na kazi hiyo, tuya-convert, ilizikomboa soketi nyingi bila tone la lehemu.

Hapa haki itendeke kwa pande zote. Tundu walilopitia wakombozi ndilo hilohilo ambalo mwizi angelipitia. Tarehe 21 Oktoba 2016 kirusi cha Mirai, kilichoambukiza kamera na vinasa video vya nyumbani vyenye maneno ya siri ya kiwandani, kilikuwa kimeielemea kampuni ya Dyn, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Tuya ilipoziba tundu lake ilifanya jambo ambalo kampuni yoyote makini ingelifanya. Ila ilipoziba, haikumwachia mnunuzi mlango halali wa kuingilia kwenye kitu alichokilipia, na hilo ndilo kosa.

Kisha chipu ikabadilishwa. Kuanzia karibu mwaka 2020, vifaa vingi vya Tuya vilitoka na chipu za Beken badala ya ESP8266, na Tasmota haikuzielewa. Kwa bahati baadhi ya moduli mpya zilikuwa na miguu iliyopangwa sawasawa na ya zamani. Mafundi wakazipuliza kwa hewa ya moto, wakazing'oa, wakapachika moduli ya ESP-12, yenye chipu ya ESP8266, palepale. Ni kazi ya mikono iliyotulia. Mwaka 2022 Khaled Nassar na Tom Clement walitoa tuya-cloudcutter, iliyotumia kasoro ndani ya programu ya vifaa hivyo vya Beken kuvitenga na seva bila kuvifungua, na programu huria kama OpenBeken zikaziba pengo la Tasmota.

Waliokwisha kukomboa swichi walihitaji pia kitu cha kuziongoza kwa pamoja. Kazi hiyo iliangukia zaidi kwenye programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013 na yenye uwezo wa kukimbia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofichwa nyuma ya televisheni. Soko nalo lilisikia. Shelly ya Bulgaria ilijijengea jina kwa kuuza rilei zinazoendeshwa ndani ya nyumba tangu zinapotoka kwenye boksi, na ITEAD yenyewe ikaongeza kwenye baadhi ya Sonoff hali ya kujiundia (DIY), inayomruhusu mteja kuziamuru bila seva.

Katikati ya Aprili 2022 ikaja zamu ya kampuni ya Insteon ya California. Seva zilinyamaza bila tangazo. Waliotegemea programu ya simu walibaki gizani, lakini swichi za Insteon ziliendelea kuongea zenyewe kwa zenyewe kwa redio na nyaya za umeme, na waliokuwa na Home Assistant walizishika tena siku zilezile. Juni mwaka huo kikundi cha wateja kilichanga fedha na kuinunua mali ya kampuni hiyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, seva haihitaji kufilisika ili taa igome. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Swichi inayongoja seva ya ng'ambo haiwezi kutofautisha waya uliokatika chini ya bahari na bando lililokwisha. Kuna pia kikwazo cha kifundi: nyumba nyingi hapa zilifungwa umeme kwa mtindo wa Kiingereza, na kwenye boksi la swichi mara nyingi hakuna nyutro, waya wa kurudishia umeme. Rilei ya Wi-Fi inaihitaji ili iendelee kuwa macho taa ikizimwa. Fundi umeme mwenye busara huipeleka juu ya dari, kwenye holda ya taa, ambako nyutro ipo, na kuiacha swichi ya ukutani kama ilivyo.

Julai 2025 Belkin ilitangaza kwamba huduma ya seva kwa swichi na soketi zake nyingi za Wemo ingekoma tarehe 31 Januari 2026. Anayekwenda dukani leo amwombe muuzaji jambo moja kabla ya kutoa pesa: aichomoe ruta kwenye intaneti, kisha ajaribu kuiwasha taa kwa simu. Isipowaka, arudishe kifaa kwenye rafu.